Mpe Chaki, Lakini Usiondoke Darasani

Muhula wa pili ukifunguliwa, shule zilizo karibu na soko la Marikiti, Mombasa, hupata wageni. Utawajua kwa mafaili yao: moja la maazimio ya kazi, jingine la maandalio ya masomo, na chati zilizokunjwa chini ya kwapa. Ni wanafunzi wa TP, wengi wao wa vyuo vikuu, waliokuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Wakishavuka Barabara ya Digo kuingia Mji wa Kale, maneno nayo huanza: kwenye meza za viungo, barazani baada ya alasiri, hata ndani ya stafurumu ambako kila aliyekaa alipitia TP hiyo hiyo.

Maneno yenyewe hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka. Mengine yana haki ndani yake, mengine ni porojo. Nayajibu kama yalivyo, na yale yasiyostahili wino mwingi sitayapa.

"Watoto wetu si wa kufanyiwa majaribio." Hili husemwa na wazazi, nami naliheshimu kuliko yote. Mzazi ana mtoto Gredi 9. Mtihani wa kumaliza gredi hiyo, KJSEA, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, kwa hiyo mtaani hakuna kaka wala dada wengi wa kumweleza mtoto njia ya kuupita, kama ilivyokuwa enzi za mtihani wa darasa la nane, KCPE, uliozikwa 2023. Halafu anasikia kwamba Hisabati muhula huu itasomeshwa na kijana ambaye bado yuko chuoni. Anakuja mwenyewe, anasimama mlangoni pa ofisi: "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome, sikumleta aje mtu ajifunzie juu yake."

Mamangu, nami nakuuliza: huyo mwalimu wa somo yuko wapi? Maana hapo ndipo penye kisa. Katika shule nyingi, siku anayofika mwanafunzi wa TP ndiyo siku mwenye darasa anapotoweka. Kijana anakabidhiwa kitabu cha mwalimu, daftari la mahudhurio na boksi la chaki. Mwenye darasa anakwenda kumalizia makaratasi ya TPAD, yale ya tathmini ya walimu, au kuziba pengo la sekondari ya chini (JSS) ambako hakuna mtu, au, tuseme kweli, anakwenda kunywa chai na mahamri. Mzazi akilalamika hapo, ana haki kamili. Lakini kosa si kuja kwa kijana. Kosa ni kuondoka kwa mwalimu.

Tazama mambo yanavyokuwa akibaki. Ni kipindi cha kusoma, Gredi 2. Binti wa TP yuko mbele, ameshika kadi za silabi, darasa zima linaitikia. Mwenye darasa amekaa nyuma kwenye kidawati kinachomgota magoti, na watoto wanne waliokwama amewakusanya pembeni. Anamsikiliza mmoja mmoja, kidole chini ya neno, taratibu. Siku za kawaida, akiwa peke yake na watoto sitini, kazi hiyo haifanyiki kamwe. Kipindi cha dakika 30 hakimpi zaidi ya nusu dakika kwa kila mtoto. Na masikio yake yako kwa binti pia. Anasikia anavyouliza swali na kulijibu mwenyewe kabla watoto hawajavuta pumzi. Hamkatizi. Anaandika kwenye kikaratasi. Wakati wa mapumziko atamwambia: ukiuliza, hesabu hadi tano moyoni, ndipo uite jina.

Hapo nani amefanyiwa majaribio? Wale wanne wamepata mwalimu ambaye hawakuwa naye mwezi uliopita.

"Anayelijua somo, kufundisha hujileta kwenyewe." Hili ni la wasomi, hasa wenye shahada zisizo za ualimu. Ngoja nikuingize darasani tena, safari hii Hisabati. Kijana wa TP ana alama nzuri chuoni, hilo halina ubishi. Anaandika ubaoni 0.25 × 480. Kimya. Anaeleza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama kwamba tatizo ni masikio. Kimya kile kile. Mwenye darasa anainuka kutoka nyuma na kumwita mtoto mmoja ambaye jioni humsaidia ami yake kuuza tende Marikiti.

"Kilo ya tende ni mia nne na themanini. Nipimie robo."

"Mia na ishirini."

"Umejuaje?"

"Nusu ni mia mbili arubaini, ticha. Nusu yake tena, mia na ishirini."

Jibu lilitoka kabla swali halijakauka. Mtoto huyo huyo daftari lake lilikuwa tupu.

Jambo hili si kioja cha Mombasa peke yake. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao wa watoto watano waliouza bidhaa katika mji wa Recife, Brazili. Wakiwa sokoni, watoto hao walipata hesabu zao kwa asilimia 98. Hesabu zile zile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za shuleni, bila nazi wala malimau, walipata asilimia 37. Watoto hawakubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuulizwa.

Sasa, kijana wetu alikosa nini? Hakukosa Hisabati. Alikosa kujua kwamba mbele yake ameketi mtoto ambaye tayari anayo nusu ya nusu kichwani, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuivusha hiyo nusu ya nusu kutoka kwenye mizani hadi ubaoni iitwe 0.25. Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 1986 kwamba kuna ujuzi wa aina yake ambao si somo lenyewe wala si mbinu za jumla za kufundisha, bali ni kujua somo hili linaingiaje kichwani mwa mwanafunzi huyu na litakwama wapi. Ujuzi huo utausoma kitabuni mpaka uchoke. Kuupata, mpaka uwe na mtoto mbele yako na mtu nyuma yako anayemjua mtoto huyo.

Na mtoto wa Mji wa Kale ana mambo yake. Kwao husemwa Kimvita, na sera ya nchi inataka madarasa ya mwanzo, hadi Gredi 3, yasomeshwe kwa lugha ya eneo. Mtoto akiandika "mtele" na "ndia" katika insha, kijana aliyetoka bara humwagia wino mwekundu kama kwamba ameandika upuuzi. Mwenyeji atamwambia huyo hajakosea kusikia, ameandika anavyosema mamake. Mwonyeshe "mchele" na "njia" za vitabuni bila kumfanya aone haya ya nyumbani kwao. Hilo halimo kwenye mtaala wa chuo chochote ninachokijua. Limo kwenye mazungumzo ya dakika kumi baada ya kipindi.

"Basi chuo cha nini? Watoto wa hapa hujifunza kuogelea kwa kurushwa majini." Wapo wanaokwenda upande huo mwingine kabisa: mpe mtu darasa, ataiva. Maneno matamu, na Bandari ya Kale iko hapo chini kuyatolea ushahidi. Lakini mtoto anayerushwa pale huwa kaka yake keshatangulia majini. Wasimulizi huruka kipande hicho.

Tanzania imewahi kujaribu kurusha bila kaka. Katika miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipokuwa zikifunguliwa kwa kasi, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Wananchi wakawabatiza "Voda Fasta", jina la huduma ya kuongeza salio kwa simu upesi upesi. Kejeli ile iliwaangukia vijana, na haikuwa haki: waliitwa na nchi wakaitika. Wa kulaumiwa ni mpango uliowapeleka shule changa ambazo mara nyingi hazikuwa na mwalimu mzoefu wa kukaa nyuma ya darasa. Wengi walijifunza, ndiyo, ila walijifunza kunusurika: kuandika nukuu ubaoni mwanzo wa kipindi hadi mwisho, kwa sababu darasa linaloandika halipigi kelele. Mtu akishaizoea njia hiyo mwaka mzima, semina ya siku mbili haimtoi.

Nchi hiyo hiyo, baada ya Azimio la Musoma la 1974 kutaka elimu ya msingi kwa wote, iliwachukua makumi ya maelfu ya waliomaliza darasa la saba na kuwafanya walimu wakiwa kazini. Nao waliingia darasani mapema mno kwa kipimo chochote. Lakini walikuwa na masomo kwa posta, vipindi vya redio na wakufunzi wa kuwafuatilia, na baadaye waliitwa chuoni kwa muda kumalizia. Sisemi mpango ule ulikuwa safi. Lawama zake zilikuwa nyingi. Nasema tu kwamba hata katika haraka ile, kuna mtu alikumbuka kwamba darasa peke yake halifundishi ualimu.

Hata yale mazoezi madogo ya chuoni, ya kuwafundisha wenzako kumi kwa dakika chache, yalipobuniwa Stanford na Dwight Allen na wenzake mwaka 1963, yalikuwa na kipande cha pili: unafundisha, mnazungumza, kisha unafundisha tena kipande kile kile. Sehemu kubwa ya vyuo vyetu hushika kipande cha kwanza na kupiga makofi.

"Apelekwe shule ngumu ndiyo akomae." Hapa utafiti unapendeza kwa sababu hauegemei upande mmoja. Matthew Ronfeldt, mwaka 2012, alifuatilia walimu wa New York na kuona kwamba waliofanyia mazoezi katika shule ambazo walimu hawakimbii walidumu zaidi kazini na wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi, hata walipoajiriwa baadaye katika shule zenye shida kubwa. Miaka mitano mbele, Dan Goldhaber na wenzake waliochunguza jimbo la Washington wakakuta walimu hufanya vizuri zaidi shule ya kwanza ikifanana, kwa hali ya wanafunzi, na ile waliyofanyia mazoezi.

Wengine wanaona matokeo hayo yanagongana. Mimi naona yanaelekea mahali pamoja: mpeleke kwa watoto wanaofanana na atakaowasomesha, lakini katika shule yenye walimu waliotulia. Shule ya watoto wa wachukuzi na wauza samaki, wanaotoka darasani kwenda madrasa bila kupumzika, inaweza kuwa mahali pazuri pa kujifunzia kuliko shule ya kulipia ya Nyali, mradi stafurumu yake ina watu wanaopenda kuzungumzia kazi yao. Stafurumu ya kulaani kazi asubuhi hadi jioni itamkomaza, sawa. Itamkomaza akaombe kazi benki.

"Siku hizi kuna intern, TP ya nini?" Hoja hii imeshika tangu tume ya walimu, TSC, ilipoanza kuchukua walimu wanagenzi mwaka 2019, na imewachanganya hata watu wazima. TP ni mafunzo: mtu hajahitimu, yuko chini ya jicho, anapewa alama. Mwanagenzi wa TSC alikuwa mtu mwenye cheti na namba ya usajili, aliyebeba vipindi kamili kama mwalimu mwingine yeyote, huko JSS kwa malipo ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwashika walimu waliohitimu na kusajiliwa kwa masharti ya unagenzi kulikiuka haki zao. Mwezi uliofuata walimu wa JSS walikuwa barabarani, na kufikia Januari 2025 takriban 46,000 wakapewa ajira ya kudumu.

Mabishano yale yote yalikuwa ya mshahara, na walikuwa na haki ya kubishana. Ila sikumsikia mtu akiuliza: katika hiyo miaka, nani alikaa nyuma ya darasa la mwanagenzi? Jopokazi la rais kuhusu elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu na kutoa ripoti yake 2023, lilipendekeza mwaka mmoja wa lazima wa unagenzi baada ya chuo. Pendekezo zuri likiwa na mlezi ndani yake. Bila mlezi ni mwalimu wa bei rahisi, na TP ikifutwa kwa ajili yake tutakuwa tumerudi Voda Fasta kwa mlango wa uani.

"Hayo ni mambo ya Ulaya, Pwani hatuna desturi hiyo." Huyu anayesema hivi namwomba ashuke kidogo tu kutoka Marikiti aulize habari za shule za madrasa za awali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimfikishia Aga Khan kilio chao: watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Wakfu wa Aga Khan ukafanya uchunguzi, na katikati ya miaka hiyo mradi ukaanzia hapa hapa Mombasa. Kazi ilikabidhiwa Bi Swafiya Said, mwalimu aliyejua darasa na aliyejua wazazi wa Kiswahili wanataka nini. Ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Wasichana waliochukuliwa kuwa walimu walikuwa wa mitaa hiyo hiyo, wengi bila masomo makubwa. Hawakufungiwa bwenini miaka miwili kunakili nukuu. Walipewa mafunzo mafupi ya kuanzia, kisha wakaingia darasani, na wakufunzi wakawafuata huko huko, mara kwa mara, wakikaa nao sakafuni kwenye mkeka. Vifaa vilitengenezwa kwa kilichopo: vifuu, makombe, vitambaa, mbegu. Hadithi na nyimbo zilikuwa za Kiswahili, mafunzo ya dini yamo, na mbinu ya kumwacha mtoto achague, afanye, kisha aeleze alichofanya ilichotwa kwenye mtaala wa HighScope wa Marekani bila watu kuona haya. Mkufunzi alipofika hakuja na karatasi ya alama tu. Alikuja kuonyesha: nipishe, nitazame ninavyowaweka watoto hawa kwenye duara, kesho ufanye wewe.

Hii "nipishe, nitazame" ndiyo iliyokosekana Voda Fasta, ndiyo iliyokosekana kwa wanagenzi, na ilikuwa ikifanyika kisiwani hapa kabla baadhi ya wahadhiri wetu hawajazaliwa. Mtu asiniambie si desturi yetu. Kwa fundi seremala wa jahazi na kwa mshona kanzu wa Barabara ya Biashara ndiyo desturi pekee inayojulikana; ualimu ndio uliojitenga.

"TP ni makaratasi matupu." Nusu kweli. Faili ni nene, na nimeona maandalio ya somo yaliyoandikwa Jumapili usiku kwa wiki nzima iliyokwisha kupita. Makaratasi hushamiri pale ambapo anayetoa alama hana kingine cha kutazama, na hilo linanifikisha kwenye dai la mwisho, ambalo ndilo hufunga kila kikao.

"Pesa hakuna." Pesa ipo, imekaa vibaya. Vyuo vikuu vingi huwatoza wanafunzi ada ya TP. Sehemu yake kubwa huenda kwenye safari: mhadhiri anatoka Nairobi au Eldoret, analala Mombasa, asubuhi anaketi katika kipindi cha dakika 35 au 40, anajaza fomu, anakimbilia feri ya Likoni kumwona mwingine. Atarudi mara moja au mbili. Mwanafunzi naye anajilipia chumba, matatu na manila za chati. Yule mwenye darasa, aliyemwona kijana huyo kila siku tangu ufunguzi hadi kufunga, anayejua kwamba wiki ya tatu alivunjika moyo na wiki ya saba akaanza kuwaita watoto kwa majina bila daftari, hapati senti wala nafuu ya kipindi, na katika alama neno lake mara nyingi halina uzito.

Geuzeni hesabu hiyo. Mhadhiri aje mara chache zaidi, na aje kumwona mlezi pia, si mwanafunzi peke yake. Sehemu ya ada ibaki shuleni kwa anayelea. Alama za mlezi ziingie kwenye jumla. Haya yanahitaji vyuo na TSC kuketi pamoja, na yatachelewa kama yanavyochelewa yote.

Lakini kuna moja lisilohitaji waraka wa Nairobi. Mwalimu mkuu anayepanga ratiba ya muhula wa pili awaachie mlezi na mwanafunzi wake wa TP vipindi viwili kwa wiki wakae wazungumze: kimoja Jumatatu asubuhi kabla wiki haijachangamka, kingine Alhamisi. Ijumaa asijaribu, watu wanawahi msikitini.